Daftari Lisilo na Vidonge

Tórshavn, 2 Septemba

Kaka yangu mpendwa Hanus,

Salamu nyingi zikufikie huko kisiwani Sandoy. Natumaini wewe, wifi Marjun na kondoo wote ni wazima. Mimi sijambo, na safari hii sisemi kwa adabu tu: wiki tatu sasa naenda chooni mara mbili kwa siku, bila damu.

Mama alinipigia jana akaniambia unataka kubomoa kibanda cha baba cha kukaushia nyama kabla ya machinjo ya Oktoba. Eti umechoka kuulizwa kama ndicho kilichomlaza dada yako hospitalini. Tafadhali, weka nyundo chini kwanza.

Unajua nilivyo mdadisi. Tangu daktari anieleze kwamba kinga ya mwili wangu inaushambulia utumbo wangu mwenyewe, na kwamba ugonjwa huu hauponi bali hutulizwa, nimeandika kila kitu daftarini: viazi, samaki, mabua machachu ya rabarbi, usingizi, hata upepo unakovuma. Mwezi wa Mei nilikula nyama yako ya kondoo iliyokaushwa kibandani humo. Siku ya tatu, damu. Nikajiona mpelelezi hodari! Ndiyo maana kwenye sherehe ya mama, mbele ya ukoo mzima, nilisema nyama yako ndiyo iliyoniangusha. Uliinuka, ukalibeba paja lako la kondoo kutoka mezani, ukaondoka nalo bila kofia.

Julai nilimpelekea muuguzi Rannvá daftari hilo kwa majivuno. Alilisoma lote, akacheka sana alipofika kwenye upepo. Kisha akaniuliza mbona humu mna kila kitu isipokuwa vidonge vya kutuliza ugonjwa.

Kaka, nilimwambia ukweli. Sikuviandika kwa sababu sikuvimeza. Mwezi wa Machi nilijiona nimepona, nikaviacha kimya kimya, wiki tisa kabla ya kuionja nyama yako. Siku ile ya sherehe nilijua, na bado nikakutupia wewe lawama. Nimeona aibu tangu wakati huo. Nisamehe.

Sasa navimeza kila asubuhi. Kesho nitawasomea shangazi zetu barua hii, wacheke wanavyotaka. Wewe tundika mapaja kama kawaida, moja uliwekee jina langu. Rannvá ameshauri nianze na kipande chembamba.

Msalimie sana Marjun. Kofia yako ninayo, nitaileta mwenyewe.

Dada yako mkosaji,
Sunnvá