Meno Mawili Meusi ya Bibi

Bắc Ninh,
Majira ya manyunyu

Dada yangu mpendwa Hoài,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi kilichokuganda tangu theluji ya kwanza ianguke huko Brno kimeshakuachia. Radek hajambo? Duka linaendaje? Sisi huku hatujambo. Baba yuko na samaki wake wa bwawani, mama goti lake limepoa, na manyunyu yametukalia wiki nzima hata kuta zinatoka jasho. Nguo nilizoanika tangu juzi bado zinanuka ubichi.

Bibi anakusalimu sana. Yeye ndiye sababu ya barua hii, maana habari zake haziwezi kuelezwa kwa simu, hasa simu yako wewe, ambayo kila nikianza kusema jambo la maana anatokea mteja kuuliza bei ya soksi.

Uliambiwa kwamba bibi aliteleza. Hakuteleza. Alikuwa anashuka kwenye pikipiki ya baba mdogo Quyết, na baba mdogo akamnyooshea mkono amsaidie. Bibi akamwambia aondoe mkono wake, kwani yeye alikuwa akipanda na kushuka mgongoni mwa nyati wa kulimia kabla hajamzaa. Hapo hapo kandambili ikanasa kwenye kikanyagio, akaenda chini kifudifudi. Kwa umri wake wa miaka themanini na mitano hakuvunjika hata kidole. Kilichovunjika ni meno mawili ya mbele ya juu, yale ya katikati, yakakatika karibu na ufizi. Baba mdogo alilia kuliko yeye.

Jeraha la mdomo lilipona upesi. Ambaye hakupona ni bibi mwenyewe. Unamjua anavyocheka, kichwa nyuma, mdomo wazi, meno yote meusi yanang'aa kama mbegu za tikiti zilizokaangwa. Basi akaanza kuziba mdomo kwa kiganja. Akaacha kutafuna tambuu. Akaacha kwenda kuimba na wenzake. Siku moja Bi Xoan wa jirani alikuja na sahani yake ya tambuu, akamchokoza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Shoga, lango limebomoka! Sasa siri zetu zote zitatoka zenyewe bila hata kugonga!" Unajua siku nyingine bibi angemjibu mpaka Bi Xoan akimbilie kwao. Safari hii alitabasamu, mdomo umefumbwa, akaingia ndani. Bi Xoan akabaki amesimama uani na tambuu zake mkononi, akaniuliza kwa unyonge, "Thoa, mwanangu, nimemkosea?" Hapo ndipo nilipoogopa.

Ndipo nilipokupigia simu, nawe ukaniambia maneno ambayo nayakumbuka vizuri. Ulisema, maadamu yameshavunjika, nimtengenezee bibi meno meupe, yote ya mbele, kwa sababu mama yake Radek anakuja harusini kwenu na hutaki amkodolee macho bibi yako kama kitu cha makumbusho. Ulinikumbusha jinsi Radek mwenyewe alipoona picha ya bibi aliuliza kama ni ugonjwa, ikabidi umweleze kwamba wasichana wa zamani wa kwetu walipakwa meno rangi nyeusi, na asiyepakwa hakupata hata mchumba. Dada, sikukulaumu, wala sikulaumu sasa. Nami niliona vivyo hivyo. Mimi ni daktari wa meno. Kutwa nzima watu wananiomba weupe. Nilijiambia, nini kitanishinda kumpa bibi yangu kile ninachowapa wageni?

Nilipomweleza bibi, aliuliza, "Hoài ndiye anayetaka?" Nikamjibu ndiye. Akasema, "Basi niwekee. Mtoto akiolewa mbali, mtu hamnyimi kitu."

Nikaanza kazi. Mizizi ya yale meno mawili ilikuwa mizima, imara ajabu. Nilipoitazama kwenye picha ya eksirei nilimwita mwenzangu wa kliniki aje aone. Meno ya mwanamke wa miaka themanini na mitano, hayana tundu hata moja! Wazee walijua walichokuwa wanapaka. Nikaisafisha mizizi, nikaiziba, nikasimamisha viguzo vya kubebea kofia za kauri. Bibi alitulia kwenye kiti kama anasukwa nywele. Wagonjwa wangu walimpenda. Kulikuwa na bibi harusi mmoja aliyekuja kubandikwa kauri nyembamba, meno yake yawe meupe kwa ajili ya sherehe. Akamwangalia bibi, akashindwa kujizuia, akamuuliza kama amekula mkaa. Bibi akamjibu nyuma ya kiganja, "Mwanangu, enzi zetu mwenye meno kama hayo unayoyalipia aliambiwa ana meno ya mbwa." Chumba kizima kikacheka, na bibi harusi mwenyewe akacheka mpaka akafuta wanja. Lakini mkono wa bibi haukutoka mdomoni.

Ikafika siku ya kusaga. Ili yote ya mbele yawe meupe na yalingane, ilinibidi niyasage meno manne ya pembeni, yale mazima, niyapunguze yavishwe kofia. Nikampiga sindano ya ganzi, nikasubiri mdomo ufe, nikavaa miwani, nikawasha mashine. Ile sauti unaijua. Nikainama.

Bibi akanishika kifundo cha mkono. Hakunivuta wala hakunisukuma, alinishika tu, na mkono ule ulikuwa na nguvu ambayo sikujua bado anayo. Nilipomtazama, machozi yalikuwa yanamtiririka kuelekea masikioni. Nikazima mashine. Nikamuuliza kama anaumia. Akatikisa kichwa. Akanieleza jambo, upande mmoja wa mdomo ukiwa umekufa ganzi na maneno yanatoka upande wa pili. Jambo hilo nitakueleza, Dada, lakini niache kwanza nimalize habari ya meno, maana nikianza nalo nitashindwa kuendelea. Mwisho wake alisema, "Yaliyovunjika yamevunjika. Haya mengine usiyaguse. Na hayo mawili, kama unaweza, yawe meusi."

Nikavua glavu. Nikamwambia ninaweza, ingawa sikuwa na hakika hata kidogo.

Fundi wangu wa meno ya kauri yuko Hanoi, anaitwa Thịnh, kijana mwenye mikono ya dhahabu na mdomo usiotulia. Alipopata kazi yangu alinipigia simu akidhani nimekosea. "Daktari, watu wananirudishia jino kwa sababu limepungukiwa weupe kiasi cha unywele, wewe unataka jeusi? Jeusi kama nini, kama tairi?" Nikamwambia atengeneze tu. Akatengeneza. Kofia zilipokuja, zilikuwa nyeusi kweli, nyeusi ya vifungo vya koti. Bibi alipojitazama kwenye kioo alisema, "Haya si meno, haya ni mashimo mawili mapya." Nikamrudishia Thịnh na maneno ya bibi vilevile yalivyo.

Nilidhani atakasirika. Kesho yake akatokea kliniki na pikipiki yake, amelowa chapachapa, kisanduku cha rangi kifuani chini ya koti la mvua. Alisema hajawahi kurudishiwa kazi kwa tusi zuri namna ile, na anataka kumwona aliyelitoa. Nikaenda kumchukua bibi. Thịnh akavuta kigoda, akakaa mbele yake, akamwomba afungue mdomo. Bibi akakataa, kiganja juu ya mdomo. Thịnh akamwambia, "Bibi, mimi huwa naona meno yaliyokwisha kutoka vinywani mwa watu. Leo nimesafiri kuona yaliyo hai. Usinirudishe Hanoi mikono mitupu." Bibi akamkagua kutoka juu hadi chini, akamuuliza kama ameoa. Akasema bado. Bibi akasema, "Ndiyo maana una muda wa kuchungulia vinywa vya vikongwe," na hapo mkono ukashuka.

Walikaa pale asubuhi nzima. Thịnh aligundua kwamba weusi wa bibi si weusi mmoja. Karibu na ufizi ni weusi wa wino, katikati una mng'ao kama chungu kilichozoea moto, na kwenye ncha, mwanga ukipita, kuna wekundu wa mbali kama chai nzito. Akawa anachanganya rangi kwenye kigae, anaipeleka karibu na jino, anaifuta, anaanza upya. Bibi alimsimamia kama mpishi anayemfundisha mkwe: punguza, ongeza, hapana, hiyo ni ya mtu mgonjwa. Wakati wa kuondoka Thịnh alisema kwamba tangu ajifunze kazi hii amekuwa akitengeneza rangi ileile kila siku, na kwamba alikuwa ameanza kuichoka bila kujua.

Kofia za pili zilipofika nilizibandika juzi Jumamosi. Nilimpa kioo, hakukitazama. Alipitisha ulimi kwanza, polepole, kutoka upande huu hadi ule, mara mbili, kama anayetafuta mpaka wa shamba asiupate. Kisha akauliza Bi Xoan yuko wapi. Tuliporudi nyumbani tulimkuta uani kwetu, na hata hatujaketi bibi akamwambia, "Lango limerudishwa, shoga. Sasa zile siri zako utazilipia." Wakacheka wale wazee wawili, vichwa nyuma, mpaka kuku wakakimbia. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akasimama kuwatazama, nami nikaingia ndani kujifuta macho.

Sasa, Dada, kaa kitako. Haya ndiyo aliyonieleza.

Bibi alikuwa na dada. Wewe ulijua? Mimi sikujua. Baba hakujua, na ana miaka zaidi ya sitini. Jina lake Nhài. Baba yao alikuwa karani mjini, akarudi kijijini na maneno mapya, kwamba binti yake mdogo hatapakwa meno, dunia imebadilika. Bibi akawa msichana pekee mwenye meno meupe, wenzake wakamwimbia meno ya mbwa kila alikopita, akawa halali kwa kulia. Nhài ndiye aliyempaka, kwa siri, katika banda la majani nyuma ya nyumba. Alisaga ule ulimbo mwekundu wa wadudu, akaukamulia ndimu, akaupaka kwenye ukanda wa jani na kuubandika kwenye meno ya mdogo wake, akamshika taya kwa mikono miwili asiume. Mdomo ulivimba. Kutafuna kulikatazwa, kwa hiyo Nhài alimmiminia uji kooni kama kinda la ndege, akimwambia avumilie, atakuwa mzuri kuliko wote. Baba yao alipogundua, rangi ilikuwa imeshageuka nyeusi na kushika. Alipigwa Nhài. Bibi hakuguswa.

Mwaka wa njaa kuu Nhài alikuwa ameolewa mbali, ng'ambo ya mto. Aliondoka kwa miguu kuja kwa wazazi wake. Hakufika. Bibi na kaka yake walikwenda kumtafuta kando ya barabara ile, katikati ya watu wengi waliolala wasiamke, wakiwageuza mmoja mmoja. Hawakumwona.

"Sina kaburi lake," bibi aliniambia, akiwa amelala kwenye kiti changu. "Sina picha yake, nani alipigwa picha siku zile? Hata sura inanikimbia sasa, naona mikono tu. Kazi ya mikono yake ndiyo hii." Akagusa meno. "Hoài ni mjukuu wangu, ningenyamaza kwa ajili yake. Lakini ulipowasha hicho kitu, mkono umekataa wenyewe."

Baba alipoambiwa alikasirika kwanza, akauliza kwa nini maisha yote hakuambiwa kwamba ana mama mkubwa. Bibi akamjibu, "Uliwahi kuniuliza nani alinipaka?" Jioni baba akawasha ubani, akalitaja jina la Nhài mbele ya madhabahu ya mababu zetu, akalikosea lafudhi, bibi akamsahihisha, akalitaja tena.

Kwa hiyo, Dada, utakapokuja kwa harusi mwezi wa kumi utamkuta bibi ana meno meusi yote, na mimi ndiye niliyekwenda kinyume na ulichoniomba. Kama una hasira, zilete kwangu. Nimemsomea bibi barua hii mpaka hapa, akasema nikuandikie yafuatayo, neno kwa neno:

"Hoài, mwambie mama yake Radek asiogope, mimi siumi. Na umtafute mpiga picha mzuri. Mwambie asogee karibu, nitacheka. Halafu picha hiyo unipe mimi, niiweke pale kwenye ubani, kwa jina la dada yangu."

Msalimie sana Radek. Mama anasema usisahau kuvaa soksi za sufu, unaziuza lakini huzivai. Tunakungoja kwa hamu, sote.

Mdogo wako akupendaye,
Thoa