Kidole cha Emong

Osukuru, Tororo
3 Machi 1953

Mpwa wangu Scovia,

Nianze na kosa lako, salamu zifuate. Umri wangu unaniruhusu. Walimu wengi hudhani mtoto anayenyamaza hajui. Sasa salamu: mimi mzima, magoti tu ndiyo yanalalamika. Huko Busia mvua imeanza?

Umeniandikia kuhusu Asekenye wa darasa la kwanza. Punje za mahindi anazihesabu vizuri, lakini ukimwuliza kwao wako wangapi, hafungui mdomo. Wewe ulilelewa katika bweni la misheni, ndiyo maana umesahau. Kwetu Wateso watu hawahesabiwi. Anayehesabu ndugu zake anawaitia kifo. Hivyo ndivyo bibi yake alivyomfundisha. Mtoto haingii darasani peke yake, anaingia na nyumba yao nzima. Hiyo ndiyo saikolojia niliyoifundisha chuoni, hata kama vitabu vinaieleza kwa maneno marefu. Mwachie mahindi yake.

Mjomba wako,
Edimu


Busia
19 Machi 1953

Mjomba mpendwa,

Natumaini magoti yametulia. Mimi sijambo, na mvua inanyesha. Dereva Swaliki aliileta barua yako kwa lori lake la chumvi, akasema ni nzito kuliko magunia yake.

Lakini mkaguzi Mzungu alikuwa anakuja, na mimi bado mgeni kazini. Somo lilikuwa "Nyumbani kwetu". Nikauliza mbele yake:

"Asekenye, kwenu mko watoto wangapi?"

"Tuko tu, mwalimu."

Darasa likacheka. Okanya akapayuka, "Tuko tu ni ngapi, wee?"

Nikamwambia hataketi mpaka ahesabu kwa vidole. Alisimama muda mrefu, vidole amevikunja. Mwishowe akavifungua, kila kidole na jina lake, mpaka kile kidogo: "Emong." Ni mdogo wake anayenyonya. Mkaguzi akapiga makofi.

Umeona, mjomba? Saikolojia yako ni nzuri, ila ni ya polepole.

Mpwa wako,
Scovia


Osukuru
2 Aprili 1953

Scovia,

Salamu. Baada ya makofi, mtoto aliketi vipi? Hilo hukuandika. Angalia mikono yake.

Mjomba wako,
Edimu


Busia
28 Mei 1953

Mjomba,

Nakusalimu. Mwili wangu hauna ugonjwa, lakini siwezi kusema ni mzima.

Surua imepita huku. Emong amezikwa. Asekenye amerudi shule kichwa kimenyolewa, na kile kidole kidogo amekikunja akakifunga kwa uzi wa katani. Hakifungui hata akiandika. Hasemi na mtu. Mama yake ananiambia chakula pia anakikataa, wala hawajui kwa nini.

Nilimwambia ni surua iliyomuua mdogo wake, si hesabu. Akaniuliza taratibu, "Basi mbona amekufa yule niliyemtaja mwisho?"

Kwao hawajui kwamba alihesabu. Wakijua nani alimlazimisha, sitakaa Busia. Nifanye nini, mjomba? Sasa ninaiangalia mikono yake kila siku.

Mpwa wako,
Scovia


Osukuru
4 Juni 1953

Mpwa wangu,

Pole. Na pole yangu uifikishe kwa mama Emong.

Ulichomwambia ni kweli, lakini hakikumfikia. Mtoto wa umri ule huamini kwamba alichokitamka ndicho kilichotokea. Haogopi surua, anajiogopa mwenyewe. Nimewaona watoto walioachwa katika hofu hiyo. Walikua, wakaoa, wakaolewa, na bado hawakusema.

Kwa hiyo usibishane naye. Mzigo ule ni mkubwa kuliko yeye, na una mwenyewe. Mbele ya mama na bibi yake sema hivi: "Alikataa. Alitaka kuwalinda ndugu zake. Mimi ndiye niliyemlazimisha." Watakutukana. Huenda bibi akakufukuza uani. Usijitetee, wala usitaje vitabu. Muhimu ni Asekenye asikie mtu mzima akiuchukua mzigo.

Sijui kama atakifungua kidole. Siwezi kukuahidi hilo.

Swaliki amewasha lori, anaingoja barua hii. Leo, ukifunga darasa, usipitie nyumbani kwako: nenda kwao.

Mjomba wako,
Edimu