Helper wa Mama

Moiben, Eldoret

Isaiah ndugu yangu,

Mahindi tumevuna, na ng'ombe wa mama amezaa.

Uliposoma historia ya mama kwa Kizungu pale mazishini, ulinitaja, nami nikatabasamu mbele ya watu. Jana nilimpelekea mwalimu Joyline ile karatasi anieleze. Watoto wa mama mmeandikwa watatu, kila mmoja na digrii yake. Mimi niko chini kabisa, "helper". Eti mtu wa kusaidia kazi za nyumba!

Niliacha shule ili nyinyi msome. Miaka tisa nimemwosha mama na kumgeuza kitandani.

Basi neno nimelijua, na kulitumia pia najua. Krismasi ukija, usiniambie nikuchinjie kuku. Tafuta helper.

Mimi Waiyego,
mtoto wa kwanza wa mama.