Siku ya Mia ya Mama

Yogyakarta, 25 Februari

Dada yangu Lastri,

Salamu zangu zikufikie huko Taipei, wewe na huyo mzee unayemtunza. Natumaini mgongo wako umepoa na baridi imeanza kukuonea huruma. Mimi mwili ni mzima. Mvua haijakata, chumba changu kinavuja palepale juu ya kabati, na mwenye nyumba ananiambia kila wiki kwamba fundi anakuja kesho.

Darasani bado nina wageni wangu kumi na wawili wanaojifunza lugha yetu. Wiki hii tulikuwa na somo la saa, siku na mara ngapi. Huwa nawapanga ukutani: anayekula pilipili kila siku asimame upande huu, asiyeila kabisa upande ule, na wengine wajipange katikati. Mkorea mmoja alikiri mbele ya wote kwamba kuoga kwake ni kwa nadra, watu wakacheka hadi machozi. Baadaye wakataka na mwalimu aulizwe. Bibi Hanneke, Mholanzi wa miaka sabini aliye mpole kuliko wote, akaniuliza huwa namwona mama yangu mara ngapi. Hakujua. Nikajibu, setiap Sabtu, kila Jumamosi. Wote kumi na wawili wakainama wakaandika. Nilijifanya nafuata kalamu ya ubao, nikaenda kulia chooni.

Baba mkubwa Sardi ameshakwenda kwa modini, yule anayetusomea dua kijijini. Wamehesabu kuanzia Jumapili aliyofariki Mama, siku ya mia ya kumsomea dua inaangukia Jumatatu, tarehe kumi na saba Machi. Mikeka imeshaazimwa, na wanawake wa jirani wamegawana kazi, nani apike wali wa nazi, nani achinje kuku. Baba mkubwa anasema ndege yako inatua asubuhi ya siku hiyohiyo, na kwamba umepewa ruhusa ya siku tatu tu baada ya kuililia sana. Tena anasema unataka kusimama mbele ya watu unishukuru, kwa kuwa miaka minne hii uliyokuwa mbali sikukosa hata Jumamosi moja, na Mama akafia mikononi mwangu. Barua yako nayo inasema hivyohivyo. Nimeisoma mara nyingi, Dada, na kila nikiisoma najiona mchafu.

Usinishukuru. Sikuwa naenda kila Jumamosi. Nilikuwa naenda mara moja kwa mwezi, na mara nyingine miezi miwili inapita, na kutoka hapa hadi kwa Mama Klaten kwa treni si hata saa moja. Wewe ulipompigia Mama akakwambia nimetoka pale sasa hivi, nimemletea mkate wa maziwa, alikuwa ananifichia. Hakuwahi kunigombeza. Alikuwa akiniuliza tu kama kazi ni nyingi.

Jumamosi ile nilimwahidi kwamba nitakwenda. Mvua ikanyesha, nikajilaza na simu yangu mkononi. Alasiri akapiga kuuliza nimefika wapi. Unajua tulivyo sisi, mtu yuko kitandani anasema ameshatoka nyumbani. Nikamwambia, "Niko njiani, Mama, treni imeshaondoka."

Akasema, "Haya, mwanangu. Mlango siupigi komeo."

Nikalala. Sikupiga simu kumwambia siji.

Nilifika Jumapili, adhuhuri imekaribia. Mlango ulikuwa wazi kama alivyosema. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mianzi akiuelekea mlango, kichwa kimeinama, na mkono ulikuwa baridi. Mezani palikuwa na sahani mbili zilizofunikwa. Ukutani kalenda yake ya kuchana ilikuwa bado inaonyesha Jumamosi. Unajua kwamba Mama alichana karatasi ya jana kila siku baada ya sala ya alfajiri, hata alipokuwa na homa. Hiyo ya Jumamosi hakuichana.

Nikaichana mimi. Nikaitia mkobani, nikamwaga chakula cha sahani zote mbili, ndipo nikapiga kelele majirani waje. Nikawaambia nililala hapo, na kwamba amekata roho alfajiri nikiwa nimemshika. Jirani yetu Bibi Karsi alipokuwa anamwosha Mama, alihangaika muda mrefu kuunyoosha mkono wake uliokuwa umeshakakamaa. Akaniangalia. Akauliza, "Umesema alfajiri?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya. Lete maji mengine." Hakumwambia mtu, nadhani kwa kunionea aibu, nami nikaishukuru aibu yake.

Dada, mimi ninayefundisha watu kutaja siku na saa sijui mama yetu alikufa siku gani. Huenda alinisubiri saa moja tu, huenda alinisubiri usiku kucha. Hilo sitalijua mpaka nife. Sikuthubutu kukupigia, maana kwenye simu nimezoea kudanganya.

Modini anahesabu kutoka siku niliyoitunga mimi. Bado sijamwambia. Kama Mama alifariki Jumapili, utaiwahi dua yake. Kama ni Jumamosi, siku yake ya mia ni Jumapili, tarehe kumi na sita, na dua itasomwa wewe ukiwa bado uko Taipei unafunga sanduku. Chagua wewe siku ipi, wewe ndiye mkubwa na wewe ndiye uliyekuwa unampigia. Ukishachagua, nitakwenda kwa Baba mkubwa na kwa modini, nami nitaisema mwenyewe na sababu yake. Ukitaka siku hiyo nikae jikoni nisionekane, nitakaa. Ukitaka nisije kabisa, naomba tu uniachie sufuria nizioshe watu watakapokuwa wameondoka.

Mpe mzee wako salamu zangu, na uvae vizuri usije ukaumwa. Nakuinamia na kuubusu mkono wako kwa mbali.

Mdogo wako,
Wuryani