Gauni la Mama wa Kambo

11 Februari

Kwako Anti,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na kama mgongo bado unakusumbua, basi uwe umepungua. Mimi sijambo, ila ni ule usijambo wa kujibia salamu. Anwani yako nimepewa na yule muuguzi uliyekuwa unapiga naye soga kila Jumamosi. Nilimsumbua wiki tatu. Aliponipa akasema, "Ukimwandikia upuuzi nitakufuata mwenyewe."

Miaka mitano imepita tangu msiba wa Baba. Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia kazini. Siku hizi ni fundi wa mavazi kwenye kampuni inayotengeneza tamthilia za runinga. Tuko watatu kwenye chumba cha nyuma, cherehani nne, moja inashona ikijisikia.

Juzi mwongozaji alituletea kazi. "Nataka gauni la mama wa kambo."

Nikamuuliza, "Likoje?"

Akanishangaa. "Fundi, mama wa kambo humjui? Jeusi, limbane, na kucha ndefu nyekundu. Mtazamaji amjue kabla hajafungua mdomo."

Wenzangu wakacheka, na mimi nikacheka. Kwenye hadithi yenyewe anamtilia mumewe sumu kwenye chai.

Walipoondoka kwenda kula nilishika mkasi nikashindwa kukata. Nilikuwa nakutafuta kwenye kile kitambaa na sikuoni. Hukuwahi kuvaa nyeusi. Ulikuwa na gauni la njano la maua, kisha siku moja likapotea. Kucha zako zilikuwa fupi, na kiganja cha kulia kilikuwa na alama ya pasi.

Halafu nikakumbuka ile siku ya msiba uani, waliposema wewe ndiye uliyemtilia Baba sumu. Baba Mkubwa alinisimamisha mbele ya watu wote akaniuliza, "Wewe ndiye uliyekaa nao humu ndani. Uliona nini?" Nami nikasema, "Sijui." Anti, nilijua. Nilijua moyo wa Baba ulikuwa mgonjwa mwaka mzima. Nilijua daktari alimkataza chumvi, na wewe ukaacha chumvi pamoja naye ili asile peke yake chakula cha wagonjwa. Nikasema sijui, na wewe ukatoka na sanduku moja.

Sikuombi unijibu. Hapo nimedanganya. Naomba unijibu.

Binti wa mumeo,
Chiriku


2 Machi

Chiriku,

Marahaba. Barua nimeipata. Mgongo upo, tumeshazoeana. Bado napiga pasi, hospitali nyingine tu: mashuka mia mbili kwa siku na makoti ya madaktari, na daktari mmoja mnene ambaye kila wiki anasema sisi ndio tunaolifanya koti lake lirudi limbane.

Ya msiba tuyaache. Ulikuwa na miaka kumi na tisa na umefiwa. Aliyefiwa hasimamishwi mbele ya watu kama shahidi.

Gauni likate. Kazi ni kazi, na usipolishona wewe atalishona mwingine, tena vibaya.

Hiyo "binti wa mumeo" umeitoa wapi? Baba yako alikupa jina Chiriku kwa sababu ya mdomo wako, hilo moja linatosha.

Swali langu ni dogo. Unakula?

Anti


20 Machi

Kwako Anti,

Shikamoo, na pole na mashuka. Hali yangu njema, na ndiyo, nakula. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Gauni nimelikata. Limekaa vizuri, na hilo ndilo linaloniuma. Mwigizaji mwenyewe ni mama mpole, analea watoto wa marehemu dada yake, watatu, na huwa anatuletea karanga chumbani. Hii ni tamthilia yake ya nne, na zote ni mama wa kambo. Wiki iliyopita alikwenda sokoni, muuza matunda akamnyang'anya machungwa aliyokwisha kuyachagua. "Mimi siuzii wauaji." Watu wakampigia makofi muuza matunda! Kwenye kujaribu gauni akatusimulia huku anacheka, anasema, "Wakinitukana ndiyo sifa ya kazi." Nilipopiga magoti kupima upindo nikaona machozi yanadondoka kwenye kiatu.

Tangu hapo siachi kuyatazama hayo mambo. Hata matangazo ya sabuni na ya majani ya chai: mama anacheka, watoto wanacheka, nyumba nyeupe. Huyo daima ndiye aliyewazaa. Sijaona tangazo hata moja la mtu kama wewe akimmiminia mtoto chai.

Sasa niulize la moyoni. Kwa nini hukuwahi kunigombeza? Wenzangu walichapwa, wakatukanwa, jioni wakalala mapajani mwa mama zao. Mimi nilivunja vyombo, nilitoroka shule, na wewe ukanyamaza. Nilidhani hunijali kiasi cha kunikasirikia.

Na kwa nini ulikuwa unakula nyama yangu? Kila siku ulimega kipande cha kwanza kwenye sahani yangu ukasema, "Naonja chumvi." Nilimwambia jirani yetu, yule mama wa nyumba ya pili, kwamba unanipunguzia chakula. Mtaa mzima ulijua kwa sababu yangu.

Chiriku


15 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Mimi mzima. Nimechelewa kwa sababu hii barua nimeiandika mara nne.

Mwezi nilioolewa na baba yako kulikuwa na filamu ambayo kila nyumba iliiangalia. Mama wa kambo anamfungia mtoto stoo na kumlisha makombo. Iliishaje sijui. Niliitazama nusu kwa jirani nikaaga kwamba naenda kuanua nguo. Tangu wiki ile wageni hawakuisha nyumbani, na wote walikuja saa ya kula. Huyu anaomba kiberiti, yule anaomba ungo, macho yote kwenye sahani yako.

Nikajifunza kuishi. Nikikuogesha naacha mlango wazi wasikie kwamba hulii. Ukikosea nanyamaza, maana sauti yangu ikipanda tu, dirisha la pili linafunguliwa. Nilipokukumbatia siku ya kufungua shule, mwanamke mmoja akasema, "Anaigiza huyo." Nikaacha na kukukumbatia. Nilijiambia nitakukumbatia tukiwa ndani, lakini mambo hayo ukishayaweka akiba, siku ya kuyatoa huoni pa kuanzia. Lile gauni la njano, waliniambia yule wa kwenye filamu naye alivaa maua. Nikalichana, likawa matambara ya kufutia meza.

Ya nyama nayo nikwambie. Wiki ya pili nilikuona umemega nyama ukampa paka, kisha ukakaa unamtazama. Ulikuwa unasubiri. Ulikuwa na miaka minane, Chiriku. Nilikwenda bafuni nikafungua bomba, nikasimama pale mpaka ndoo ikafurika. Kesho yake nikaanza kuonja mwenyewe mbele ya macho yako. Paka wa watu alikuwa na kosa gani?

Sikukuambia, maana mtoto huwezi kumwambia, "Najua unadhani nitakuua." Na baba yako sikumwambia. Angekuchapa.

Sasa na wewe nisikilize. Kuna dereva wa gari la wagonjwa hapa, alifiwa na mkewe, ana binti wa miaka saba. Mtoto akitoka shule anamsubiria baba yake kwenye chumba chetu cha pasi, ananihesabia foronya, na kila akifika hamsini anakosea. Dereva ameniomba tuoane. Sijamjibu. Nikimwangalia yule mtoto anavyohesabu, nageuza uso naendelea na pasi. Unielewe, si kwamba simpendi.

Anti


30 Aprili

Kwako Mama, uniruhusu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimekaa sakafuni kati ya nguo za watu wasiokuwepo. Wenzangu walidhani nimechomwa na sindano.

Jumapili nilikwenda kwa Baba Mkubwa. Nilichukua cheti cha hospitali kinachosema Baba alikufa kwa moyo, kile ambacho siku ya msiba hakuna aliyekiulizia. Walikuwepo watu saba, shangazi pia. Nikasema, "Nimekuja kujibu swali uliloniuliza miaka mitano iliyopita."

Akasema, "Lipi?" Mama, alikuwa amelisahau!

Nikawaeleza yote, mpaka ya paka. Akaniambia, "Nani amekulisha maneno haya?"

Nikasema, "Hakuna. Nimelishwa chakula tu, miaka kumi na moja, na nimekuwa mtu."

Akavaa miwani akasoma cheti, akakirudisha. "Karatasi haisemi yote."

Hapo shangazi akaweka kikombe chini. "Kaka, mimi nilikuwa namsema kuliko wote. Hebu nitajie siku moja tuliyomwona akifanya ubaya. Moja tu." Baba Mkubwa akatazama ukuta. Mwisho akasema, "Basi aje achukue vitu vyake." Si radhi hiyo, najua. Lakini ameitamka mbele ya watu saba.

Kuhusu dereva, usimkatae kwa ajili yetu. Tulikukosea sisi, huyo mtoto hajakukosea.

Nina siku sita za likizo. Niruhusu nije.

Chiriku wako


12 Juni

Kwako Mama,

Shikamoo. Wiki sita hujanijibu. Kila mtu wa posta akipita nasimamisha cherehani.

Labda umeiona tamthilia. Imeanza kuonyeshwa mwezi uliopita. Gauni limependwa, mwongozaji kanisifu mbele ya wote, na mimi nikasema asante. Baadaye nikamfuata mwandishi wa hadithi, nikamwambia kwamba mama wa kambo wangu alikuwa anaonja chakula changu kabla sijala. Macho yakamwaka. "Hiyo nzuri sana! Anamwibia mtoto?" Nikamweleza sababu yenyewe. Akanisikiliza mpaka mwisho, na naona ilimgusa, maana aliweka kalamu chini. Kisha akasema, "Ni kweli, fundi, lakini watu hawatamwelewa mtu kama huyo."

Kama umeona jina langu kwenye majina yanayopita mwishoni, nisamehe. Nimeomba nihamishiwe kwenye tamthilia nyingine. Hawajanijibu wao pia.

Sina habari yako yoyote. Nikilala nakumbuka vitu vya ajabu ajabu, kama ulivyokuwa unakunja soksi za Baba. Niandikie hata mstari mmoja, hata wa kunifukuza.

Chiriku


3 Agosti

Chiriku,

Marahaba, mama. Mimi ni mzima wa afya, usiogope. Barua zako zote mbili ziko hapa, chini ya mto.

Tamthilia niliiona. Kwenye chumba chetu cha kupumzikia kuna runinga, na wafanyakazi wote wanaifuata. Yule binti wa dereva naye alikuwa anaitazama, ameketi juu ya kapu la mashuka. Siku mama yule alipotia kitu kwenye chai, mtoto akaniuliza, "Ukija kwetu utakuwa yule?" Hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu anayeuliza kesho ni siku gani. Watu wakacheka. Mimi nikachomoa pasi nikatoka.

Nilimwambia dereva asimlete tena mtoto chumba cha pasi, nikasingizia mvuke. Miezi miwili sikumwona. Foronya nilihesabu mwenyewe, bila kukosea, na kazi ikawa haiishi. Jina lako nililiona, ndiyo. Nilikasirika siku tatu. Siku ya nne nikaangalia mishono, nikasema moyoni, huyu ameshona kwa mkono uliotulia.

Kilichonitoa ni barua yako ya kwa Baba Mkubwa. Nilikuwa naisoma kila siku nikitoka kazini. Wiki iliyopita nikamwita dereva na mtoto wake, tukakaa kwenye benchi la nje ya duka la dawa. Nikawaambia yote kwa mdomo wangu: nilifukuzwa, na nilisingiziwa nini. Dereva alitaka kunikatiza nikamwambia atulie. Nikamgeukia mtoto. "Una swali?"

Akafikiri. "Utanigombeza?"

Chiriku, miaka yote ile ningejibu hapana. Nikamwambia, "Nitakugombeza. Ukiacha viatu mlangoni watu wakajikwaa, utanisikia."

Akasema, "Mama naye alikuwa anagombeza viatu." Kisha akasogea, akaniegemea, akaendelea kula biskuti yake. Watu wanapita, wanatuangalia. Niliwaacha waangalie.

Dereva akataka jibu pale pale. Nikamwambia mambo hayaendi hivyo. Mimi si mtu wa kuokotwa, nina mtoto wangu mkubwa, na bila wewe kuja kumwona na kumuuliza maswali sitamki neno. Akauliza, "Ni mkali?" Nikamwambia, "Mdomo anao." Tangu siku hiyo anafua shati lake jeupe kila jioni, kwa sababu hajui utafika lini.

Kwa hiyo njoo na siku zako sita. Panda basi la saa moja asubuhi, linafika huku saa tisa. Usikae nyuma, utatapika. Nimeomba ruhusa kazini, na yule daktari mnene kanisainia mwenyewe. Chumba changu kina kitanda kimoja, tutabanana. Ukishuka usimuulize mtu yeyote njia. Nitakuwa nimesimama hapo hapo mlangoni mwa basi, na ukiniona nalia usinibembeleze, chukua tu mkoba twende.

Mama yako