Neno Nililopewa Jumatatu

Jumatatu, 6 Julai 1953

Ukungu tena. Tumepalilia bustani ya shule kabla ya uji, vidole vimekufa ganzi. Wenzangu wa huku Dindira hawaioni baridi hii. Mimi wa Handeni naiona peke yangu.

Leo siku ya maneno. Kila Jumatatu Mwalimu Petro hutupa sisi wa darasa la nane neno moja moja gumu la Kiingereza. Ijumaa unasimama mbele, unaeleza maana na matumizi. Kaniki amepata "punctual", darasa zima likacheka maana kila siku anachelewa. Mimi nimepata "bereaved". Kivumishi cha heshima, alisema mwalimu. Basi.

Kusimama mbele ya watu ndiko ninakokuogopa.

Hakuna habari ya mama. Kifua kilimshika wakati wa mavuno. Likizo bado mbali. Nataka kumwona, hata siku moja tu.

Jumanne, 7 Julai

Nimelitafuta kwenye kamusi kubwa ya ofisini. Maana yake aliyefiwa. Lakini si kila mwenye huzuni. Ukipoteza ng'ombe wako wote, huitwi hivyo. Lazima awe amekufa mtu wako wa karibu, na si zamani. Huwekwa mbele ya mtu anayesemwa: mama, familia, watoto. Wazungu hulitumia wakitaka kulisema jambo kwa adabu, kwa mbali kidogo. Sisi tunasema amefiwa, na mtoto mdogo anaelewa.

Nimetunga sentensi tatu. Mwalimu ameikubali ya pili, kuhusu mjane na jirani zake.

Kaniki ananitania. "Mzigua, neno lako linanuka ubani. Mrudishie mwalimu!" Nimecheka. Sikupenda.

Jumatano, 8 Julai. Manundu, kwa shangazi

Mama amekufa. Hakuna aliyeniambia.

Niandike kwa mpangilio. Asubuhi niliitwa ofisini. Mjomba Athumani, kaka yake mama, amesimama mlangoni, kofia mkononi, miguu imejaa tope la mlima. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako anaumwa kidogo, anakutaka. Twende ukamwone."

Anatabasamu. Mkuu wa shule akamgeukia Mwalimu Petro, akasema kwa Kiingereza kwamba "the bereaved boy" aruhusiwe kuondoka leo. Alisema taratibu, kwa upole. Nadhani alichagua neno gumu kusudi nisilielewe. Mwalimu akanitazama. Niliona usoni pake anakumbuka neno lile alimpa nani.

Nikamfuata mjomba nje.

Kwetu ndivyo. Mtu aliye mbali hapewi habari ya msiba njiani. Anaambiwa kuna mgonjwa, mpaka afike, akae, ale, ndipo mkubwa amwambie. Wanaogopa asije akaishiwa nguvu porini. Mjomba amepanda mlima wote na uongo huu. Tukishuka ananisimulia nguruwe waliomaliza mihogo yake, anacheka mwenyewe. Akinyamaza anajifuta macho kwa kofia, anasema ni vumbi. Vumbi gani kwenye ukungu?

Namchukia. Namhurumia. Sikumwambia kwamba najua. Ningemwaibisha.

Mdogo wangu Semeni anaishi hapa kwa shangazi. Ana miaka minane. Tunakwenda naye kesho, na shangazi pia. Amenivuta nyuma ya jiko.

"Kaka, mama anaumwa nini? Mjomba anachekacheka tu. Niambie wewe."

Nimemwambia kifua. Nimesema atapona.

Atapona! Hilo hata mjomba hajalisema.

Alhamisi, 9 Julai. Nyumbani

Tumekuja juu ya lori la magunia. Semeni amepakata machungwa ya mama njia nzima. Aliyachagua mwenyewe, yaliyoiva sana, kwa ajili ya kile kifua. Hakutaka mtu ayaguse.

Uwanjani wanaume wamejaa mikekani.

"Mbona watu wengi?" aliuliza.

"Wamekuja kumwangalia mgonjwa," mjomba akajibu.

Bibi alitutengea ugali na mlenda. Semeni alikula haraka haraka ili aruhusiwe kuingia kwa mama. Mimi nilikula polepole kadiri nilivyoweza. Nilijua chakula kikiisha tutaambiwa. Nilitamani sahani ile isiishe.

Ikaisha. Bibi alitushika mikono. Mama ametutoka. Amezikwa juzi asubuhi.

Juzi. Nilikuwa natunga sentensi.

Nilidhani kwa kuwa najua sitalia. Nililia mpaka nikatapika. Semeni hakulia. Hakumtazama bibi, alinitazama mimi.

"Ulijua?"

Akayaacha machungwa pale chini, akaenda kwa shangazi zetu jikoni.

Jumamosi, 11 Julai

Tumenyolewa. Kichwa chepesi, kinauma kwa jua.

Baba hasemi. Semeni hasemi na mimi tu. Wengine anawajibu.

Mjomba ameketi karibu yangu baada ya adhuhuri.

"Ulijua tangu shuleni, siyo?"

"Ndiyo, mjomba."

"Ungesema, mwanangu. Wale nguruwe walinichosha."

Tukacheka, mimi na yeye, msibani. Kisha hatukuweza kutazamana.

Jumatatu, 13 Julai

Tanga limeanuliwa. Watu wameondoka na mikeka yao. Nyumba imekuwa kubwa.

Jana jioni baba alinieleza alichoamua. Mimi nirudi shule. Semeni arudi Manundu kwa shangazi, keshokutwa, maana hapa hakuna wa kumlea. Semeni anaamini amekuja kukaa. Ameshafagia chumba cha mama na kuweka nguo zake. Baba akasema nisimwambie, ataambiwa lori likifika.

Leo nilimkuta Semeni kibarazani anachambua mboga peke yake. Nikaketi. Hakuinuka. Nikaanza kuchambua naye.

Kisha akauliza bila kunitazama. "Mimi nitabaki hapa na baba?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia keshokutwa, na shangazi, na kwamba sikuweza kulibadilisha jambo hilo.

Amelia hapo hapo, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Hakuniondokea. Nimekaa naye mpaka akanyamaza, halafu tukaingiza mboga ndani.