Ningu wa Mto Nzoia

Ijumaa, Al Nahda, ughaibuni

Leo nimebishana mpaka chai ikapoa! Wiki nzima kazini, pale mlangoni, nasema "karibu madam, karibu sir" tu. Leo nimeongea hadi koo limekauka.

Nakato, Mganda ninayeishi naye chumba kimoja, anashikilia kuwa samaki wetu wa ningu wamemalizwa na nyavu zinazoziba mto unapoingia ziwani. Mimi nikasema hapana, ni uchafu wa viwanda! Yalla, haya basi, tukampigia mama kule Nzoia aamue.

"Mvua ikinyesha ningu walikuwa wakipanda mto kutaga," mama akasema. "Sisi tuliwavua kabla hawajataga, tukichagua wenye mayai. Na wewe ndiwe uliyekuwa ukiyalilia."

Nakato alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nami nilicheka.

Ila yale mayai, hata sasa nayatamani.